Boksi linasema wati 700: kisa cha kompyuta iliyozimika kila ikirenda

Mashine inayozungumziwa hapa ni ya kijana mmoja wa Mbagala, Dar es Salaam, anayeishi kwa kuhariri video za harusi na sendofu. Aliiunganisha mwenyewe, kipande kwa kipande, na ukiitazama unaona mkono wa mtu makini: nyaya zimefungwa vizuri, feni zimeelekezwa panapotakiwa, vumbi hakuna. Ndani kuna prosesa ya Ryzen 7 5800X, kadi ya grafiki ya RTX 3070 aliyoinunua ikiwa imeshatumika, RAM ya GB 32, SSD moja ya NVMe na hadisiki mbili kubwa zinazobeba kazi za wateja. Kukata na kupanga vipande inakwenda vizuri kabisa. Shida ilikuwa kwenye kurenda, yaani kompyuta inapotengeneza video ya mwisho kutoka vipande vilivyopangwa. Dakika chache tu baada ya kuanza, hasa akiwa ameweka kazi ya kuondoa chenga kwenye picha za usiku, kioo kinakuwa cheusi, feni zinasimama, kisha mashine inajiwasha upya yenyewe.

Kabla hajanifikia alishapewa majibu mengi. Mmoja alimwambia RAM, akabadilisha. Mwingine akasema ni joto, akapaka upya mafuta ya prosesa. "Fundi, Windows nimepiga mpaka nimechoka, na bibi harusi ananipigia simu kila siku," aliniambia. Nilimwonea huruma, kwa sababu pesa na usiku wake vyote vilikwenda kwenye vitu vilivyokuwa vizima. Kifaa ambacho hakuna aliyekitilia shaka ni kile alichokinunua mwisho, kwa elfu sabini zilizobaki baada ya kumaliza vingine vyote: pawasaplai, kile kiboksi kinachogawa umeme wa ukutani kwa vifaa vyote vya ndani, iliyoandikwa wati 700 ubavuni kwa herufi za dhahabu.

Nilianza na kumbukumbu ambazo Windows inaziandika yenyewe. Palikuwa na safu ndefu ya tukio namba 41 la Kernel-Power, ambalo maana yake ni moja tu: mashine imekatika bila kuzimwa kwa utaratibu. Skrini ya bluu hakuna, wala faili la kumbukumbu ya hitilafu. Programu au draiva ikileta matatizo, mara nyingi Windows hupata nafasi ya kulalamika kabla ya kuanguka. Hapa haikupata hata hiyo nafasi. Joto nalo nililiangalia nikaliondoa kwenye orodha: prosesa ilifika nyuzi 84, na kikomo chake ni 90, huku kadi ikiwa kwenye 71.

Kipimo kilichonipa mwanga zaidi hakigharimu hata senti, na ninamshauri yeyote mwenye dalili kama hizi aanze nacho. Niliipa mzigo prosesa peke yake, ikasimama imara. Nikaipa kadi peke yake, nayo ikasimama. Nikazibebesha zote mbili kwa pamoja, mashine ikazimika papo hapo. Nikarudia, lakini mara hii nikaishusha kadi kwa programu ili isile zaidi ya asilimia 70 ya nguvu zake. Ile ile harusi iliyokuwa imekwama ikarenda mpaka mwisho, polepole kidogo, bila kukatika. Hapo hakuna tena haja ya kuilaumu RAM wala Windows. Kadi ni ile ile na programu ni zile zile; kilichopungua ni umeme ulioombwa.

Lebo ya ubavuni

Niliichomoa pawasaplai nikaigeuza upande wenye jedwali. Wengi hawalisomi jedwali hili, na ndilo lenye habari zote. Yake iliorodhesha laini zake, yaani njia za kutolea umeme, hivi: volti 12, ampea 28; volti 5, ampea 28; volti 3.3, ampea 24. Volti 12 hasi, nusu ampea. Na volti 5 ya kusubiria, ampea 2.5.

Zidisha volti kwa ampea upate wati. Laini ya volti 12 inatoa wati 336. Volti 5 inatoa 140, volti 3.3 inatoa 79, na zile mbili ndogo kwa pamoja hazifiki 20. Jumlisha zote, hata kwa kuipendelea kwa kuchukulia kwamba laini zote zinaweza kutoa kila kitu kwa wakati mmoja, jambo ambalo kwa kawaida haliwezekani. Unapata kama wati 574. Yaani jedwali la kiwandani lenyewe halifikishi zile 700 zilizoandikwa kwa dhahabu juu yake.

Lakini hata 574 siyo namba ya kuangalia. Prosesa na kadi ya grafiki, walaji wakubwa ndani ya kasha, zinakula karibu kila kitu kutoka laini ya volti 12. Haikuwa hivyo zamani. Miaka ya 1990 prosesa zilikuwa zikila kutoka volti 5 na 3.3, ndiyo maana pawasaplai za enzi zile zilikuwa na nguvu nyingi huko. Kuanzia mwaka 2000, Pentium 4 ilipokuja pamoja na kile kichwa cha pini 4 cha ziada, mzigo ulihamia volti 12 na haujarudi. Pawasaplai inayojivunia ampea 28 kwenye volti 5 leo hii imetengenezwa kwa ramani ya kizamani, na zile wati 140 mashine hii haikuwa na pa kuzitumia. Kwa hiyo kijana alinunua wati 700 za boksi, akapata 336 za kazi.

Palikuwa na kingine kilichonitisha zaidi. RTX 3070 yake ina matundu mawili ya pini 8, na pawasaplai ile ilikuja na kebo moja tu ya kadi. Tundu la pili alililisha kwa adapta kutoka kichwa cha zamani cha hadisiki, kile cha pini 4 kubwa. Nilipoivuta, plastiki nyeupe ilikuwa imegeuka kahawia kuzunguka pini ya waya wa njano, na ile pini yenyewe ilikuwa inacheza ndani ya tundu. Waya wa njano ndio volti 12. Kwenye ganda lake paliandikwa 20AWG, na kwenye kipimo hicho namba ikipanda waya unakuwa mwembamba. Kwa kebo ya kadi nataka kuona 18 au 16. Kichwa cha pini 8 kinaruhusiwa kubeba wati 150. Kuziomba hizo kupitia waya mwembamba na pini iliyolegea ni kuomba moto, na chumba kile kina godoro na mapazia hatua mbili tu kutoka mezani.

Umeme wa jioni

Aliniambia jambo moja nusu kwa aibu, akidhani nitaona anatafuta visingizio: "Kaka, mchana inajitahidi. Ikifika saa moja usiku, basi tena." Haikuwa kisingizio hata kidogo. Nilichomeka multimita kwenye soketi yake jioni, ikasoma volti 198. Kiwango chetu ni 230, na mtaa mzima ukiwasha pasi, feni na majiko kwa pamoja, nyumba za mwisho wa laini hupata umeme mdogo.

Sasa angalia hili linavyogusa pawasaplai. Ile yake ilikuwa na swichi nyekundu ya 115/230 nyuma. Swichi hiyo ni alama ya muundo wa zamani, usio na saketi ambayo kwenye maboksi huandikwa Active PFC. Katika muundo huo, kapasita kubwa za kuingilia, vifaa vinavyotunza akiba ya umeme, hujazwa kufuatana na volti ya ukutani: soketi ikishuka, nazo zinajaa kidogo. Na akiba ya kapasita haishuki sawasawa na volti. Inashuka kwa mraba wake. Ukigawanya 198 kwa 230 kisha ukazidisha jibu kwa lenyewe, unapata kama 0.74. Robo ya akiba imeshapotea kabla hata hujaanza kurenda. Akiba hiyo ndiyo inayoivusha mashine pale umeme unapocheza kwa muda usiofika hata mzunguko mmoja wa milisekunde 20. Pawasaplai yenye Active PFC hupandisha volti yenyewe mpaka karibu 400 kabla ya kuijaza kapasita, hivyo soketi ikisoma 198 au 240, akiba ni ile ile. Inachofanya ni kuvuta ampea zaidi kidogo.

Kwa wenzetu wanaoishi mwisho wa laini, hiki ndicho kitu cha kwanza ningekitafuta kwenye boksi, kabla ya rangi ya nembo yoyote: maandishi ya kuingilia yasomeke 100–240V, na nyuma pasiwe na swichi nyekundu. Swichi hiyo ina hatari nyingine pia. Mtoto akiisogeza kwenye 115 hapa kwetu, pawasaplai hupasuka mara tu unapoiwasha.

Hesabu

Prosesa ya 5800X imeandikwa wati 105, lakini kiwango ambacho AMD, kampuni iliyoitengeneza, inairuhusu kula ni 142, na ikirenda inafika huko. Hiyo ndiyo namba ya kutumia. RTX 3070 ni wati 220. Mazabodi, RAM na SSD nazipa 45. Hadisiki mbili na feni, 30. Jumla ni kama wati 437 za kazi ya mfululizo.

Wengi husimama hapo. Kadi za grafiki za kizazi hiki, hata hivyo, hazili kwa utulivu. Ndani ya milisekunde chache kadi huruka juu sana ya kiwango chake kisha ikarudi, na multimita ya kawaida haioni miruko hiyo kwa sababu husoma polepole. Mimi niliona tu laini ya volti 12 ikishuka kutoka 12.1 hadi 11.5 kadi ikiwa peke yake, na kikomo cha chini kwa viwango vya ATX, vinavyofuatwa na pawasaplai za kompyuta, ni 11.4. Tatizo la miruko hii lilikuwa kubwa kiasi kwamba Intel, katika viwango vya ATX 3.0 vya mwaka 2022, ilizitaka pawasaplai za kadi kubwa zivumilie mruko wa hadi mara mbili ya uwezo wake kwa mikrosekunde 100. Kwa hesabu ya nyumbani mimi huiongezea kadi nusu ya kiwango chake: 220 inakuwa 330. Jumla inapanda hadi kama wati 547, na karibu 520 kati ya hizo zinatoka laini ya volti 12. Gawanya kwa 12: ampea 43 na kidogo.

Ampea 43 zinahitajika, zilizopo 28. Sikuwa na la kuongeza kumweleza kijana. Aliliona mwenyewe kwenye karatasi.

Kuchagua

Tulikwenda Kariakoo pamoja. Duka la kwanza lilitaka kumpa ya aina ile ile iliyoandikwa 850W. Jedwali lake lilisema volti 12, ampea 32. Tukaondoka. Kijana akauliza kuhusu pawasaplai za mtumba zinazotoka kwenye kompyuta za ofisi zinazoletwa kwa makontena. Ndani yake nyingi zimetengenezwa vizuri, na nazipenda. Ila Dell na HP kwa miaka mingi wamekuwa wakitumia vichwa na mpangilio wa nyaya wa kwao wenyewe, uwezo mara nyingi ni mdogo, na kebo za kadi hakuna. Kwa mashine hii hazifai.

Mwisho tukabaki na mbili, bei zikikaribiana, karibu laki mbili na themanini kila moja. Moja ni ya wati 750 yenye nembo ya 80 PLUS Bronze. Ya pili ni wati 650 yenye 80 PLUS Gold. Kijana alishaishika ile ya 750, na nilielewa kwa nini: umetoka kuteswa na upungufu, unaona namba kubwa, mkono unakwenda wenyewe. Nikamwomba tusome kwanza.

Ile ya 650 ilikuwa na laini moja ya volti 12 yenye ampea 54, sawa na wati 648, yaani karibu uwezo wake wote uko pale unapohitajika. Iliandika kwamba inatoa kiasi hicho hata joto likifika nyuzi 50, kwamba kapasita zake zote ni za nyuzi 105, na ilitaja kinga zote: kuzidi mzigo, kuzidi ampea, volti kupanda, volti kushuka, shoti na joto. Kebo za kadi mbili, kila moja imetoka kivyake. Dhamana miaka 7. Ile ya 750 haikusema imepimwa kwenye nyuzi ngapi, haikutaja kinga ya joto, na kebo yake ya kadi ilikuwa moja yenye vichwa viwili vilivyofuatana.

Suala la joto nalisisitiza kwa sababu linapuuzwa. Dar, Januari, chumba bila kiyoyozi kinafika nyuzi 32 au zaidi, na hewa inayoifikia pawasaplai ndani ya kasha linalorenda ni ya moto zaidi ya hapo. Pawasaplai iliyopimwa kwenye nyuzi 25 haitoi wati zake zote kwenye 45. Kapasita nazo huzeeka kwa joto: kanuni inayotumika kiwandani ni kwamba kila nyuzi 10 zikiongezeka, umri wake hupungua kwa nusu. Kwa mtu wa Njombe ningelegeza kidogo. Kwa Mbagala, hapana.

Kuhusu rangi za 80 PLUS, watu huzichukulia kama vyeo vya ubora. Nembo hiyo, iliyoanza mwaka 2004, hupima ufanisi: kati ya umeme unaouvuta ukutani, kiasi gani kinafika kwenye kompyuta na kiasi gani kinaishia kuwa joto. Haisemi lolote kuhusu kinga wala miruko. Kwa mzigo wetu wa wati 437, yenye ufanisi wa asilimia 90 itavuta kama 486 ukutani, na ya asilimia 80 itavuta 546. Tofauti ni wati 60. Ukirenda saa 5 kila siku, ni kama uniti 9 za Luku kwa mwezi. Kwa uniti 9 peke yake nisingemshauri mtu aongeze pesa nyingi. Ninazijali zile wati 60 kwa sababu ni joto linalobaki ndani ya boksi la chuma, pembeni ya kapasita.

Akachukua ya 650. NVIDIA, kampuni yenye RTX 3070, wenyewe wanapendekeza 650 kwa kadi hiyo, na kwa pawasaplai ya kweli namba hiyo inatosha. Kama angekuwa na mpango wa kuweka kadi kubwa zaidi ndani ya mwaka mmoja, ningemwambia asubiri, akusanye, achukue 850 ya daraja hilo hilo.

Kufunga

Pawasaplai mpya ni ya kebo zinazochomoka. Rafiki yake alikuwa na kebo za hadisiki zilizobaki kutoka pawasaplai ya kampuni nyingine, na akataka kuzitumia kwa kuwa ni ndefu na zinaingia vizuri kwenye tundu. Hapa nilikuwa mkali. Upande wa hadisiki mpangilio wa pini ni mmoja dunia nzima, lakini upande wa pawasaplai kila kampuni inapanga inavyotaka, na hata kampuni moja hubadilisha kati ya toleo na toleo. Kebo inaingia, inabana, halafu inapeleka volti 12 mahali panaposubiri volti 5, na hadisiki inakufa mara moja. Zile hadisiki mbili zina harusi za watu ambazo bado hazijakabidhiwa. Kebo za pawasaplai moja zikae na pawasaplai yake.

Kadi ikapata kebo mbili tofauti, adapta iliyoungua ikaenda jalalani. Tukarudia kipimo kile kile, prosesa na kadi kwa pamoja, jioni, soketi ikiwa imeshuka. Volti 12 ilitoka 12.08 ikashuka hadi 11.97 na kutulia hapo. Kipima umeme cha ukutani kilisoma karibu wati 480. Harusi ikarenda kwa nguvu zote, na bibi harusi akapata video yake.

Mawili yalibaki. La kwanza, kijana alikuwa akilalamika kwamba akigusa kasha akiwa peku, linamtekenya mkononi. Alidhani mashine inapiga shoti. Karibu kila pawasaplai ina kapasita ndogo za kuchuja umeme zilizounganishwa kwenye chuma. Waya wa ethi usipokuwepo, chuma hubaki na kama nusu ya volti ya ukutani, kwa mkondo mdogo sana. Alikuwa anatumia ekstensheni ya pini mbili. Tuliitupa, tukaweka ya pini tatu, na fundi umeme akaja kupima kama nondo ya ethi ya nyumba bado inafanya kazi. Waya wake ulikuwa umekatika pale unapoingia ardhini.

La pili ni UPS. Aliyo nayo imeandikwa 650VA, na chini yake kwa maandishi madogo, 360W. Namba ya kufuata ni hiyo ya pili, na mashine inayovuta 480 pamoja na kioo chake haiwezi kukaa hapo. Kwa sasa UPS hiyo inabeba kioo, ruta na diski za nje; kompyuta iko kwenye stabilaiza. Akipata pesa atafute yenye wati zisizopungua 700, na aulize kama wimbi lake ni la sine kamili (kwenye boksi, pure sine wave), kwa sababu zile zinazotoa wimbi la ngazi wakati mwingine hazielewani na Active PFC, na umeme ukikatika kompyuta inazima papo hapo pamoja na kwamba betri imejaa. Ajaribu palepale dukani, aende na mashine yake, aiweke irende, kisha muuzaji achomoe waya wa ukutani.